Kinachokunja: Maumivu ya Wazee Wetu, Tangu Newala Hadi Leo



Ijumaa ya kwanza ya mwezi tulitoka, kama ilivyo desturi yetu, kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu majumbani. Nyumba ya nne ilikuwa ya bibi mmoja ambaye hatutamtaja jina, mzaliwa wa Newala, mwenye umri wa miaka 84. Kwa muda wa miezi saba hivi hatukuwa tumemwona kanisani, na tuungame mbele yenu kwamba tulikwisha kudhani ametuhama, amewafuata wale ndugu zetu wanaosali chini ya turubai kule sokoni. Kumbe alikuwa ndani, umbali wa hatua mia tatu kutoka mlango wa kanisa, na hatua hizo ndizo zilizomshinda.

Mezani palikuwa na madaftari mawili yaliyofungwa kwa mpira, na kikapu kidogo cha ukili kilichojaa dawa. Tulipouliza akatueleza kwa utaratibu mzuri: daftari la kwanza ni la sukari, kliniki yake ni Jumanne, daftari la pili ni la presha, kliniki yake ni Alhamisi. Tukamwuliza, “Na magoti je, Mama?” Kwa maana tulimwona jinsi alivyoyashika tangu tulipoingia.

“Magoti hayana kliniki, Baba,” akajibu. “Magoti ni uzee.”

Jibu hilo lilituchoma, kwa sababu tulilitambua. Lilikuwa letu. Miaka michache iliyopita, katika mafungo ya wazee wa Kigango, bibi huyu huyu alitujia baada ya mada akatuambia kwamba usiku halali kwa maumivu, nasi tukiwa na haraka ya kwenda kwenye kikao tukamwambia ni uzee, amtolee Mungu. Alilipokea neno hilo kwa utii, akakaa nalo ndani ya nyumba mpaka likamfungia mlango. Tangu Ijumaa hiyo tumekuwa tukisoma, tukiwauliza waganga na wauguzi wa Parokia yetu, na leo tunapenda kuwashirikisha yale tuliyoyapata. Ni habari ndefu kidogo, na sehemu yake kubwa imetokea hapa hapa kwetu.

Tuanzie Unguja. Katika karne ya 19 aliishi huko tabibu mmoja Mskoti, James Christie. Mwaka 1870 aliona homa ngeni ikipita mjini, ikiingia nyumba kwa nyumba bila kuchagua tajiri wala maskini. Mtu alikuwa akitembea njiani vizuri, ghafla kiungo kimoja kikamkaza, na baada ya saa chache hawezi kusimama. Watu wa Unguja waliiita kidinga pepo, maana yake mtu kakamatwa ghafla kama aliyeshikwa na pepo. Christie aliandika habari zake katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1872. Lililotugusa sisi ni kwamba wazee wa mji hawakuishangaa homa hiyo: walimweleza kuwa ilikwisha kupita zamani, mnamo mwaka 1823, nao waliikumbuka. Hapo mzee ndiye aliyekuwa kitabu cha tabibu.

Kwa karibu miaka mia moja wataalamu walihesabu kidinga pepo kuwa ni homa ya dengi. Wapo hata wanaodhani jina la dengi lenyewe lilizaliwa katika neno letu “dinga”. Lakini mwaka 1971 mtafiti aitwaye Carey alizipitia upya kumbukumbu hizo akaonyesha kwamba yumkini palikuwa na kosa la kutambua. Maumivu ya viungo yaliyobaki baada ya homa kuondoka yalifanana zaidi na ugonjwa mwingine, ambao jina lake lilikuwa bado halijaandikwa katika kitabu chochote wakati wa Christie.

Jina hilo lilitoka Newala. Katikati ya mwaka 1952 homa kali ilizuka katika uwanda wa juu wa Wamakonde, Jimbo la Kusini la Tanganyika ya wakati ule. Wanaoifahamu nchi hiyo wanajua shida yake kubwa ni maji. Ardhi ya kichanga huyanywa maji ya mvua yote, mito hakuna, na akina mama walikuwa wakiteremka mabondeni kuchota, kisha kupanda tena na mtungi kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi. Yaliwekwa ndani ya nyumba siku nyingi, na ndani ya vyombo hivyo mbu wakazaa. Ndio mbu walioieneza homa. Tunapenda jambo hili lisitupite upesi: waliougua hawakuwa wachafu wala wazembe, walikuwa watu walioyaheshimu maji.

Daktari Marion Robinson aliwaangalia wagonjwa zaidi ya mia moja na kuandika dalili zao, W. H. R. Lumsden alifuatilia namna ugonjwa ulivyoenea. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1955. Mwenzao R. W. Ross, wa kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, Uganda, alifaulu kukipata kirusi chenyewe katika damu ya wagonjwa na katika mbu, akaandika juu yake mwaka 1956. Wote walilipokea jina walilolikuta kwa wenyeji: chikungunya. Lumsden alieleza kuwa linatokana na kitenzi cha Kimakonde, kungunyala, yaani kukauka na kujikunja. Ndivyo walivyoonekana wagonjwa, wamekunjika, mgongo umeinama na mikono haifunguki.

Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani mpaka leo husema kuwa hilo ni neno la Kiswahili. Tulipomwambia bibi yetu, alicheka mpaka akasahau magoti. “Hicho si Kiswahili, Baba. Hicho ni chetu.” Akatusimulia kuwa mwaka ule alikuwa msichana wa miaka kama kumi. Yeye aliugua siku nne au tano, akapona, akarudi kuchota maji. Bibi yake mzaa mama aliugua siku zile zile, homa ikamtoka kama ilivyomtoka mjukuu, lakini vidole na vifundo vya miguu havikumtoka. “Alikuwa wa kwanza kuamka kwetu. Baada ya hapo tukawa tunamwamsha sisi.”

Katika maelezo yake Robinson aliona kweli kwamba kwa baadhi ya wagonjwa viungo viliendelea kuuma, yakija na kuondoka, kwa miezi baada ya homa. Lakini hapo kalamu za wakati ule zilikuwa hazina mengi zaidi ya kusema. Tusiwalaumu. Madaktari wa wakati ule walifundishwa kwamba maumivu ni kengele: hulia kuwaita watu penye ugonjwa, na ugonjwa ukiisha kengele hunyamaza. Kengele inayoendelea kulia wakati moto umekwisha kuzimwa haikuwa na mahali katika masomo yao. Mzee aliyesema bado anaumwa alionekana ama anazeeka, ama anadeka.

Hata hivyo, katika miaka ile ile, mbali sana na Newala, alikuwapo daktari aliyekuwa akiandika kinyume cha hayo. Huyo ni John Bonica, mzaliwa wa Italia aliyekulia Marekani, ambaye alijilipia masomo ya udaktari kwa kupigana mieleka ulingoni. Wakati wa vita kuu ya pili alipewa kazi ya kuwaangalia askari majeruhi, akakuta miongoni mwao wengi ambao vidonda vilikuwa vimefunga lakini maumivu hayakufunga. Mwaka 1953, wakati homa ya Newala ikiendelea, alitoa kitabu kikubwa juu ya namna ya kuyatibu maumivu. Alifundisha kwamba maumivu yakidumu huacha kuwa dalili, yakawa ugonjwa wenyewe, na kwamba tabibu mmoja peke yake hayawezi. Panahitajika watu wa fani mbalimbali kuketi pamoja na mgonjwa mmoja. Bonica hakuyajua hayo kwa kusoma tu. Mieleka ilimwachia mwili uliomwuma mpaka uzee wake.

Na Kanisa je? Hapa tunapaswa kusema waziwazi, kwa sababu sisi wachungaji ndio tuliochanganya mambo. Mwaka 1956 madaktari wa usingizi nchini Italia walimpelekea Papa Pius XII maswali matatu. Walitaka kujua iwapo Mkristo ana wajibu wa kuyakataa matulizo ili ateseke pamoja na Bwana, na iwapo dawa kali inaruhusiwa hata kama inaweza kufupisha maisha. Aliwajibu tarehe 24 Februari 1957. Mafundisho yake kwa kifupi ni haya: hakuna wajibu wa jumla unaomlazimisha mtu kuyapokea maumivu yanayoweza kutulizwa, mtu anaweza kuyatolea kwa hiari yake mwenyewe, na dawa ya kutuliza ni halali hata kama inaweza kufupisha uhai, pasipokuwa na njia nyingine na ikiwa anayeitoa hakusudii kifo. Neno lililo zito hapo ni hiari. Sadaka huletwa altareni na mwenyewe. Sisi tulimwambia bibi yetu amtolee Mungu kitu ambacho hakuna aliyekuwa amejaribu kumpunguzia, na kwa kweli tulikuwa tukimtolea sisi, kwa gharama yake.

Tunajua wengine watatukumbusha juu ya Papa Yohane Paulo II. Ni kweli, dunia nzima ilimwona akizeeka: risasi ya mwaka 1981, nyonga iliyovunjika mwaka 1994, ugonjwa wa Parkinson, magoti, na mwisho ile Pasaka ya mwaka 2005 aliposimama dirishani akakosa sauti. Wengi wetu tulijifunza kwake kuvumilia. Ila tulisahau kutazama na mambo madogo: alikuwa na madaktari wake, aliletewa jukwaa lenye magurudumu, na katika miaka ya mwisho aliadhimisha Misa akiwa ameketi. Hakuna aliyemwambia kwamba magoti ni uzee.

Basi miaka ikapita. Mwaka 1973 Bonica aliwakusanya wataalamu katika mji mdogo wa Issaquah, Marekani, na hapo kikazaliwa chama cha kimataifa cha kuchunguza maumivu. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi tatu wa kutuliza maumivu ya saratani, kuanzia dawa nyepesi mpaka mofini. Huduma hiyo ilifika na kwetu: hospisi ya Nairobi mwaka 1990, kisha ile ya Uganda mwaka 1993, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa mmisionari na aliyefariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 90. Yeye alieneza mofini ya maji, inayochanganywa kwa gharama ndogo na kunywewa nyumbani, na mwaka 2004 Uganda iliruhusu kwa sheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo. Ni kazi ambayo tunaiheshimu mno. Lakini tazameni ilikoelekea: saratani na kifo kilicho karibu. Mama mwenye uvimbe alianza kuhurumiwa. Mama mwenye sukari, presha na magoti, ambaye hafi leo wala mwaka ujao, hakuwa katika ngazi ile. Maumivu yake hayatishi mtu. Yanamla polepole, na jirani hayaoni.

Ndipo homa ya Newala ikarudi, mara hii baharini. Mwaka 2004, kati ya Mei na Julai, ilizuka Lamu. Sababu yake ilifanana sana na ile ya mwaka 1952: palikuwa na ukame, maji yaliwekwa ndani kwa muda mrefu, mbu wakapata makao. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba watu 75 kati ya kila 100 mjini Lamu walikuwa wameambukizwa. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imefika Mombasa. Mwanzoni mwa mwaka 2005 ikavuka hadi Ngazija katika visiwa vya Komoro. Kisha ikaingia Réunion, kisiwa cha Ufaransa mashariki mwa Madagaska. Huko kirusi kilipata badiliko dogo lililomwezesha mbu wa aina nyingine kukibeba vizuri, na katika mwaka wa 2005 na 2006 zaidi ya theluthi moja ya watu wote wa kisiwa waliugua.

Réunion ni muhimu katika habari hii kwa sababu ni mahali penye hospitali nyingi, kumbukumbu zilizotunzwa na wazee wengi wenye kisukari na shinikizo la damu. Yale ambayo bibi yetu aliyaona kwa macho ya mtoto, na ambayo Robinson aliyagusa tu, huko yaliandikwa kwa tarakimu. Zaidi ya vyeti 200 vya vifo viliutaja ugonjwa huo, na walio wengi walikuwa wazee. Miongoni mwa waliolazwa, wenye presha, maradhi ya moyo au ya mapafu ndio waliozidiwa zaidi. Na kwa waliobaki hai, kundi moja la wagonjwa 147 lilifuatiliwa kwa miezi 15: zaidi ya nusu yao walikuwa bado wanaumwa viungo. Walioelekea kubaki na maumivu ni wale waliopita umri wa miaka 45, walioumwa sana tangu mwanzo, na waliokuwa tayari na viungo vilivyochakaa kabla ya homa. Homa moja ilipita juu ya miili yote ya kisiwa, lakini haikuacha kitu kile kile katika kila mwili. Mjukuu alirudi kisimani na bibi akabaki akiamshwa.

Tuseme mara moja, ili tusieleweke vibaya, kwamba hatudai magoti ya bibi yetu yametokana na homa ya mwaka 1952. Alipona ile. Magoti yake yamechakaa kwa miaka ya kupanda mabonde na mitungi, na kwa miaka mingine hamsini ya kupiga magoti juu ya sakafu ya saruji ya kanisa letu. Kinachofanana ni namna maumivu yanavyokaa ndani ya mwili ambao tayari una wapangaji wengine.

Wauguzi wetu walitueleza hivi. Mzee mwenye kisukari huambiwa atembee, kwa maana kutembea hushusha sukari. Magoti yakiuma hatembei. Asipotembea sukari hupanda. Sukari ikipanda mishipa ya fahamu ya miguuni huharibika, nyayo zikaanza kuwaka kama zimekanyaga makaa, na hapo anapata maumivu ya pili yasiyo ya magoti. Usiku halali. Asiyelala presha yake haitulii, naye mchana anakuwa mzito, anapepesuka, anaanguka. Akiisha kuanguka mara moja anaogopa kutoka, na watoto wake kwa upendo wanamkataza kutoka. Misuli ya mapaja, ambayo ndiyo inayolibeba goti, inasinyaa kwa kukaa. Asiyetoka haoni watu, huzuni inamkalia, na huzuni huyakuza maumivu yale yale yaliyoizaa. Kila kliniki inaona kipande chake cha mduara huo. Jumanne inaona sukari imepanda na kumkaripia kwa kula vibaya. Alhamisi inaona presha imepanda na kumwongezea kidonge. Mduara mzima hana wa kuuona isipokuwa mwenyewe aliye ndani yake.

Halafu kuna kile kikapu cha ukili. Tulipoomba ruhusa ya kukitazama, pamoja na muuguzi mmoja wa Parokia, tulikuta dawa za aina saba. Mbili kati yake zilinunuliwa katika maduka mawili tofauti, zina majina mawili na rangi mbili, na zote mbili zilikuwa diklofenaki. Bibi alikuwa akizimeza pamoja kwa miezi, kwa nia njema, moja ya magoti na moja ya mgongo.

Hapa inatupasa kurudi nyuma tena katika historia. Dawa ya aspirini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1897 na kuanza kuuzwa mwaka 1899, na ilimezwa na ulimwengu mzima kwa zaidi ya miaka 70 bila mtu kujua inavyofanya kazi. Mwaka 1971 ndipo Mwingereza John Vane alipogundua kwamba aspirini na jamaa zake huuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huongeza maumivu na homa. Kwa ugunduzi huo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ila kemikali hizo hizo ndizo zinazoulinda utando wa tumbo, na ndizo zinazosaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Kijana mwenye afya akimeza diklofenaki siku tatu kwa sababu ya kifundo kilichoteguka, figo zake hazina neno. Mzee ambaye figo zake zimekwisha kuchoshwa na sukari, naye anakunywa dawa ya kukojosha na dawa nyingine ya presha, akiongeza diklofenaki juu yake kila siku, anaweza kuziua figo polepole pasipo kusikia chochote. Dawa hizo pia hupandisha presha. Kwa hiyo yawezekana sana kwamba kidonge alichoongezewa Alhamisi kilikuwa kinashindana na kidonge alichokinunua mwenyewe Jumatano.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini isitengenezwe dawa isiyodhuru tumbo. Ilitengenezwa. Iliitwa Vioxx, iliingia sokoni mwaka 1999, na wenye maumivu ya viungo waliipokea kwa mamilioni, wengi wao wazee. Tarehe 30 Septemba 2004, mwaka ule ule wa homa ya Lamu, kampuni ya Merck iliiondoa duniani kote, baada ya kuthibitika kuwa iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Tumbo lilikuwa limehifadhiwa, moyo ukalipa.

Jambo kama hilo limetokea tena juzi tu. Chikungunya ilirudi Réunion mwaka 2025, na mara hii palikuwa na chanjo. Mamlaka za Ufaransa zilipoanza kuchanja mwezi Aprili ziliwatanguliza wenye miaka 65 na zaidi walio na magonjwa mengine, kwa sababu ndio walioumia zaidi mara ya kwanza. Nia ilikuwa njema kabisa. Kabla mwezi huo haujaisha ziliwaondoa watu wa umri huo katika mpango, baada ya baadhi ya wazee kupata madhara makubwa. Ukitaka kujua kwa nini kumtibu mzee mwenye maradhi mengi ni kazi ngumu kuliko kuwatibu watu watatu wenye ugonjwa mmoja mmoja, ni hapo.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba hakuna lililobadilika tangu Newala. Mwaka 2019 mataifa yalipitisha orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na ndani yake maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu yamepewa nafasi yake na namba yake, yaweza kuandikwa kama ugonjwa. Na mwaka 2020 kile chama kilichozaliwa Issaquah kilirekebisha maelezo yake ya maana ya maumivu, kikaweka bayana kwamba neno la mtu anayesema anaumwa linapaswa kuheshimiwa, na kwamba asiyeweza kusema haina maana haumwi. Tuliposoma hilo tuliwakumbuka wazee wetu waliopotewa na kumbukumbu, ambao huambiwa ni wakorofi kwa sababu wanapiga kelele wakivishwa nguo. Huenda bega linauma.

Tulimwomba muuguzi amsindikize bibi yetu Jumanne iliyofuata, na kikapu chote mkononi. Figo zilipimwa. Diklofenaki zote mbili ziliondolewa, akaandikiwa parasetamoli kwa kipimo na kwa saa. Alifundishwa zoezi la kunyoosha mguu akiwa ameketi kitini, kuhesabu mpaka kumi na kuushusha, ambalo anasema ni jambo la kuchekesha kwa mtu wa umri wake, lakini analifanya wakati wa Rozari, fumbo moja kila mguu. Mjukuu wake alimchongea gongo la urefu unaomfaa. Lile la zamani lilikuwa la marehemu mumewe, aliyekuwa mrefu, nalo lilikuwa likimpinda bega. Maumivu hayajaondoka, na hakuna aliyemwahidi kwamba yataondoka. Usiku analala mpaka jogoo wa kwanza.

Jumapili iliyopita alikuja Misa ya pili, akaketi benchi la tatu upande wa Mama Maria. Wakati wa mageuzo hakupiga magoti. Baada ya Misa alitusubiri mlangoni, akatoa daftari la sukari, akalifungua ukurasa wa mwisho akatuonyesha kwa kidole, kwa kuwa hasomi vizuri bila miwani.

“Tazama, Baba. Jumanne wamenipima sukari, kisha wakaniuliza na magoti. Wameandika.”